Dume Jeusi la Siku ya Wazazi

Paskalina mwanangu,

Mama yako amenifukuza jikoni. Amesema ninakaa njiani, ninafunua sufuria zisizonihusu, na kwamba kama nina la kukuambia niliandike, maana nikilisema kwa mdomo nitaanza hadithi ya pili kabla sijamaliza ya kwanza. Kwa hiyo nimetoa meza nje, nimeiweka upande wenye kivuli, na ninaandika huku nikiwasikia shangazi zako wakicheka huko ndani. Jua bado liko juu ya mlima. Wewe umekwenda kuwaaga watu wa kwaya. Ukirudi utakuta begi limefungwa, na barua hii nimeichimbia chini kabisa, chini ya shuka, ili usiifikie mpaka ufike chuoni.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala blanketi, wala kutokula vitu vya barabarani. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na kesho asubuhi kule Katesh atayasema mara ya nne kupitia dirisha la basi. Mimi nina swali lako la kujibu.

Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, nikishakuwa mwalimu, ni mwanamke gani niwatundikie watoto ukutani?" Ulikuwa umetoka kutusimulia kuhusu shule yenu ya sekondari, walivyotundika picha za wanawake waliofanya makubwa, rubani, daktari, mbunge, na jinsi ulivyokuwa ukizitazama wakati wa hesabu. Nikakujibu kwamba ugali unapoa. Mama yako akacheka mpaka akatoka nje na bakuli lake mkononi. Ukatutazama kama watu waliochanganyikiwa, na una haki. Umeishi na sisi miaka kumi na tisa, na hujui kwamba swali hilohilo liliwahi kumsimamisha baba yako mbele ya wanawake karibu mia moja, ahukumiwe.

Sasa nitakueleza. Nikikosea mahali, muulize mama yako. Yeye alikuwa upande wa mahakama.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, kijana bado, suruali ya pasi, kalamu mbili mfukoni, na baiskeli nyeusi ambayo niliifuta kila Jumamosi kabla ya kujifuta mwenyewe. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya Getanuwas, pembeni kabisa mwa shamba la ngano la serikali. Ukisimama mlango wa darasa la saba uliona ngano mpaka macho yachoke. Wakati wa mavuno kombaini zilipita mbali zikiwa zimefunikwa na vumbi lao wenyewe, na watoto wote waligeuza shingo, na mimi pia niligeuza. Nilipenda sana mahali pale. Asubuhi upepo ukitoka shambani ulileta harufu ya majani makavu, na nilijiona niko katikati ya maendeleo.

Majirani zetu wengi walikuwa Wabarbaig, wafugaji. Malisho yao mengi yalikuwa yamegeuka ngano, na ng'ombe walizunguka mbali kufika kwenye maji. Kwa hiyo chochote chenye harufu ya serikali walikitazama kwa jicho la pembeni, na shule ilikuwa na harufu hiyo. Wavulana walileta wachache. Wasichana hawakuwaleta. Mimi, Mmbulu mwenye chaki mfukoni, nilizunguka boma kwa boma na baiskeli yangu, nikakaa na wazee, nikanywa maziwa, nikazungumza habari za mvua na ndama, nikarudi wiki iliyofuata nikazungumza tena habari za mvua na ndama. Miaka miwili, Paskalina. Mwishoni nilikuwa na wasichana kumi na mmoja wa Kibarbaig darasani. Niliwajua kwa majina, kwa mama zao, na kwa mahali kila mmoja alipokuwa anakaa. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia wale watoto kumi na mmoja.

Ndipo ikaja barua kutoka juu. Ilisema kila shule, kwenye Siku ya Wazazi, imchague mwanamke wa kuigwa, imsifu mbele ya wananchi, na picha yake ichorwe ukutani ili wasichana wapate moyo. Tulikaa kikao cha walimu. Mmoja akamtaja mke wa bwana mkubwa wa shambani, kwa kuwa alitushonea mapazia. Mwingine akasema tuchore mama yeyote aliyebeba jembe, tusimtaje jina, ili tusiwaudhi wengine. Mimi nikasimama nikamtaja Martina.

Martina alikuwa binti wa Kibarbaig wa kwanza kumaliza darasa la saba katika shule ile, kabla sijafika. Alikuwa ameajiriwa shambani akiendesha trekta. Alivaa vazi lake la ngozi siku za nyumbani na ovaroli siku za kazi, na alipopita mbele ya shule wasichana wangu walikimbia hadi kwenye ua kumpungia. Nani mwingine? Kikao kilikubali palepale. Nilitoka mle ndani nimejaa kama kibuyu. Nikamwita mchoraji wa mabango wa shambani, akaja akapiga fremu kubwa ya rangi ya bluu kwenye ukuta wa darasa la saba, pande nne zimenyooka vizuri, katikati pakiwa peupe pakimsubiri Martina.

Kulikuwa na jambo moja tu. Martina alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita.

Kwa Wabarbaig mama aliyejifungua hukaa ndani miezi kadhaa. Wanawake wenzake wanamtunza, anakula, analala, ananyonyesha, na mwanamume hasogelei mlango ule, hata awe nani. Nililijua hilo kama ninavyojua jedwali la saba. Tena sikuwa na haja ya kulijua kwa majirani. Wewe ulikuwa na miezi mitano, na ulipozaliwa bibi yako alinitoa chumbani kwangu mwenyewe, nikakaa nje kwa adabu zote mpaka mama yako alipotolewa. Nyumbani kwangu nilitembea kwa kunyata, halafu nikaenda kwa watu na viatu vyangu vyote.

Ilikuwa hivi. Mchoraji alisema hawezi kuchora sura asiyoitazama. Mtu mmoja wa shambani alikuwa na kamera na gari, na alikuwa na siku moja tu ya kutusaidia. Nikasema ni dakika tano, apigwe picha arudi ndani, kuna ubaya gani. Tukaenda. Gari likasimama nje ya boma likiwa linanguruma. Niliita, sauti ya mwanamke ikaniambia kutoka ndani niondoke. Nikaita tena. Nikatazama nyuma, nikamwona mwenye kamera anaangalia saa yake. Basi nikasukuma mlango, nikaingiza kichwa, na nikasema maneno ambayo mama yako amenikumbusha kila mwaka tangu siku ile, "Martina, toka, taifa linakusubiri."

Martina alimfunika mtoto, akageukia ukutani. Hakuniamkia. Pembeni yake alikuwa ameketi bibi wa mumewe, Bibi Udamareda, mwanamke mrefu mwembamba ambaye hata akiwa amekaa ulihisi amesimama. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nimeingiza mguu au kichwa. Nikasema kichwa tu, bibi. Akasema basi ndicho kitakachojibu.

Nilirudi kwenye gari nikawaambia wenzangu kwamba leo haiwezekani. Nilifikiri yamekwisha.

Kesho yake asubuhi niliwaona wanawake wakipita mbele ya shule, wawili, watatu, kisha kumi. Kila mmoja na fimbo yake mkononi, nyembamba, ndefu, imenyooka. Hawakututazama. Walikuwa wakielekea mlimani, na wengine walitoka mbali, niliona kwa vumbi la miguuni. Siku ya pili wakapita tena. Siku ya tatu nikaita majina darasani, na hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliyeitika. Madawati yao yalikuwa matupu. Nilisimama na rejesta mkononi, nikaelewa. Miaka miwili ya kunywa maziwa ilikuwa imeondoka na kichwa changu mlangoni.

Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee wa Kibarbaig, mtu mkali ambaye hata mabwana wa shambani walimwogopa. Nilimweleza, nikamwomba awaambie wanawake kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, tena si wa kabila lao, na kwamba mambo yao ya mila hayanihusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, hicho ni kikao cha wanawake. Mimi siwezi kukisogelea. Mimi mwenyewe nilishalipa."

Nikamuuliza alilipia nini. Akasema hilo halina haja. Akanieleza tu kwamba mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo ya kike, wanawake wote wanaacha kazi, wanakaa, wanaamua, na anayekataa hukumu yao hakuna mtu atakayekaa naye, kunywa naye wala kumpa binti wala mtoto. Akaniaga kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Nikarudi nyumbani nipate faraja kwa mke wangu. Mlango umefungwa. Jirani akasema, mama Paskalina amekwenda mlimani na mtoto mgongoni, wanawake walimpitia asubuhi.

Kwa hiyo ulikuwa umekaa upande wa walionihukumu kabla hujaota jino. Nilitaka ulijue hilo kabla hujaanza kazi.

Waliponiita nilipanda. Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi, safu kwa safu, mavazi ya ngozi, shanga, fimbo zimesimikwa mbele yao. Wanaume walikuwa mbali wamekaa kimya, hakuna aliyesogea. Mwanangu, mimi nimeongoza vikao vya kamati ya shule maisha yangu yote, na hakuna hata kimoja ambacho watu wawili hawakusema pamoja. Pale, mwenye kusema alisimama, akashika fimbo yake, akasema mpaka akamaliza, wengine wote wakasikiliza. Mzee akisema, kijana akisema, ni vilevile. Palikuwa na msichana aliyeolewa juzijuzi, alitetemeka aliposimama, na bado wakamngoja mpaka maneno yakamtoka. Hawakuwa na karatasi. Hata mmoja wao hakuwa amefika darasani kwangu. Na mimi niliyetafuta mwanamke wa kuonyesha wasichana, nilisimama mbele ya mia moja nikiwa nimeshika kofia.

Niliwaamkia shikamoo. Wakaitikia marahaba, kisha wakaendelea na kesi.

Bibi Udamareda alinipa nafasi nijitetee. Nikasema nilikuwa na nia njema. Nikasema nilikwenda kumpa Martina heshima ambayo hakuna binti wa eneo lile aliyewahi kupewa. Akaniuliza:

"Ulikuja kumpa heshima?"

"Ndiyo, bibi."

"Heshima alikuwa nayo mle ndani. Wewe ulikuja kumtoa."

Jibu lake nimelitafuta miaka kumi na tisa, na bado sina. Kisha akauliza kama kuna mtu wa nyumbani kwangu mwenye neno. Nikaona mama yako anasimama, wewe ukiwa unanyonya, na moyo wangu ukapata nguvu kidogo. Nikajua ananiombea. Alisema, "Nilipojifungua huyu, mwanamume huyu alikaa nje siku zote na hakulalamika. Kwa hiyo anajua. Alisahau kwa sababu alikuwa na haraka ya kusifiwa. Mtozeni." Akakaa.

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika moja. Baada ya hapo sijawahi kumpenda zaidi.

Hukumu ilikuwa dume jeusi. Si maksai, dume, na lote jeusi, lisiwe na doa. Mimi nilikuwa na maksai wawili wekundu wa kulimia, na kazi ikaanza. Nilizunguka siku tisa. Huko Gehandu nikapata dume zuri, nikampa mwenyewe wale maksai wangu wawili, nikaliswaga mchana kutwa mpaka miguu ikavimba. Wanawake walilizunguka, wakalitazama mkiani, masikioni, kisha mama mmoja mzee akainama mpaka chini, akanyanyua mguu wa dume, akaonyesha kwa fimbo. Chini ya tumbo palikuwa na nywele nyeupe, pamoja hazifiki ukubwa wa kiganja cha mtoto. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nikacheka, kwa uchovu tu. Nikaswaga dume nikalirudisha Gehandu, nikachukua maksai wangu, na mwenyewe akanicheka pia.

Dume la pili nililipata hapahapa Endasak. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimbulu, na hakutaka maksai wangu, walikuwa wamezeeka. Alitaka baiskeli. Nilijaribu kila kitu kingine. Alitikisa kichwa tu, huku anaipapasa kengele. Basi nikaiacha. Hakujua kuendesha, Paskalina. Nilipokuwa naondoka na dume lake aliketi juu ya baiskeli yangu, binti zake wawili wakimsukuma kuzunguka nyumba, na niliisikia kengele mpaka nilipovuka korongo.

Ndiyo, ile baiskeli. Nilikuambia iliibiwa Katesh. Kila ulipouliza kwa nini walimu wengine wanapanda baiskeli na baba yako anatembea, nilikutajia mwizi, na mwaka hadi mwaka mwizi yule aliongezeka urefu, na mwishoni nilimpa hadi kovu usoni. Hakuwepo. Niliona haya. Nilitaka unione mtu aliyeibiwa kuliko mtu aliyekosea. Hilo ni kosa la pili, na limedumu kuliko la kwanza. Mama yako alikaa kimya miaka yote hiyo, na juzi ulipouliza swali lako alishindwa kujizuia. Msamehe, na mimi unisamehe.

Dume lilikubaliwa. Wanawake walilichinja wao wenyewe, wakalila wao wenyewe, maana mwanamume haonji. Harufu ya nyama ilishuka mpaka shuleni. Mama yako alirudi jioni na midomo inang'aa. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema tamu.

Asubuhi iliyofuata niliingia darasani nikiwa na wasiwasi, nikafungua rejesta, nikaanza kuita. Wakaitika. Mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja. Nilipofika mwisho nikaona nyuso nyuma ambazo sizijui. Wasichana wanne wapya, wamebanana kwenye dawati moja, mikono mapajani. Nikawauliza wametoka wapi. Mkubwa wao akasema Bibi Udamareda amewaambia mama zao kwamba mwalimu aliyelipa anaweza kukaa na binti zao. Niligeukia ubao nikajifanya ninafuta, na hapakuwa na kitu cha kufuta.

Ilibaki fremu ya bluu ukutani, na Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia. Safari hii nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliwaambia watoto, kila mmoja ataje mwanamke anayetaka asifiwe, na aseme kwa nini. Walipoanza nilikaa chini. Msichana mmoja alimtaja shangazi yake anayejua ng'ombe ni wa nani kwa kuangalia nyayo tu. Mwingine alimtaja mpishi wa kambi ya shambani, kwa sababu ugali ukibaki haumwagi kabla hajatazama nje kama kuna mtoto. Mvulana mmoja wa Kimbulu akamtaja mama yake aliyejenga ukingo wa mawe shambani peke yake, mvua tatu mfululizo. Mmoja akamtaja dada yake, na alipoulizwa kwa nini akasema, "Ananibeba." Wengi walimtaja Martina. Lakini walimtaja kwa jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba akiwa na trekta jioni na akakuta kundi linataka kuvuka, anazima injini na kusubiri mpaka ng'ombe wa mwisho apite.

Siku yenyewe ilichelewa mpaka baada ya mavuno, na Martina alikuwa ametoka ndani. Alikuja amepanda trekta, mtoto akiwa mikononi mwa mama mkwe nyuma kwenye tela. Nilimwomba radhi mbele ya watu. Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama anataka kuchorwa. Alifikiri. Akasema hapana, Mwalimu, wewe waache watoto wapande. Akazima injini, na mchana wote watoto walipanda kwa zamu, wasichana kwanza, wakishika usukani na kutoa mlio wa injini kwa midomo. Nilimwona yule mdogo wa wale wanne akikataa kushuka mpaka akabembelezwa kwa muwa.

Mgeni rasmi kutoka wilayani alikuwepo, lakini meza kuu tulimkalisha Bibi Udamareda katikati. Kiti alikikataa. Alisimama na fimbo yake mwanzo hadi mwisho, na mgeni rasmi naye, kwa aibu, akasimama. Alipopewa nafasi ya kusema hakutoa hotuba. Alipita mbele ya wasichana, akawahesabu kwa kuwagusa bega, kumi na wanne. Akaniuliza, "Wa kumi na tano yuko wapi?" Nikasema baba yake amempeleka kuchunga. Aligeuza kichwa taratibu mpaka macho yake yakamfikia yule baba, nyuma kabisa ya umati. Jumatatu yule mtoto alikuwa darasani kabla ya kengele.

Fremu hatukuijaza. Kila muhula wasichana waliandika kwa chaki jina moja ndani yake na sababu yake, muhula ukiisha wanafuta, wanaandika lingine. Nilipohamishwa ilikuwa bado ipo, rangi imepauka, na ndani kumeandikwa jina la bibi mmoja mkunga kwa herufi zinazopanda mlima.

Kwa hiyo swali lako. Mtundike rubani, mwanangu. Mtundike na daktari. Sina ugomvi nao, na najua walikusaidia wakati wa hesabu, ingawa alama zako zilionyesha uliwatazama kupita kiasi. Mimi sikukosea kumchagua Martina. Nilikosea nilipomtaka kwa ajili ya ukuta wangu, nikasahau kumuuliza yuko wapi na anafanya nini wakati huo. Alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko trekta, na waliomzunguka walikuwa wanawake waliojua kuilinda, na mimi niliwapita wote nikitafuta mwanamke wa kuigwa. Waulize watoto wako kabla ya kuwaambia. Utacheka, na mara nyingine utakaa chini kama nilivyokaa mimi.

Leo nina furaha, Paskalina. Ndiyo maana nilikuwa nafunua sufuria. Furaha inanikosesha pa kuweka mikono. Mtoto niliyemwona ananyonya katikati ya mahakama yangu anaondoka kesho kwenda kusomea ualimu, na nyumba nzima inanukia nyama ya kuaga. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ningetaka kukuachia baiskeli, lakini unajua ilikokwenda.

Badala yake, utakuta kitu kimefungwa pamoja na mkeka wako. Ni ile fimbo iliyokuwa juu ya mlango, ambayo tangu utoto umeitumia kufukuza kuku na kuangusha mapera, na mama yako akikugombeza uirudishe mahali pake, bila kukueleza kwa nini. Siku ile ya wazazi, Bibi Udamareda alipomaliza kuhesabu wasichana, alimwendea mama yako, akaigusisha fimbo yake mgongoni kwako ulipokuwa umelala, akamkabidhi, akasema, "Huyu alihudhuria. Akikua, apewe." Basi umekua.

Isimamishe kwenye kona ya darasa lako. Si ya kuchapia mtu. Na kama siku moja mwalimu mkuu wako, kijana, suruali ya pasi, kalamu mbili mfukoni, atakuja ana haraka na kusukuma mlango wa mwanamke aliyeambiwa asisumbuliwe, usibishane naye. Ishike hiyo fimbo, kaa chini na wenzako, na mwambie ni dume la rangi gani.

Mama yako ananiita nionje chumvi. Nimeruhusiwa kurudi jikoni.

Baba yako aliyelipa,
Mwalimu